Shut au close: lipi la kutumia unapotaka kusema "funga" kwa Kiingereza

Ukiuliza tofauti ya shut na close, mara nyingi utajibiwa kwamba hakuna, yote mawili ni kufunga. Jibu hilo linatosha ukiwa umesimama mbele ya mlango. Ukitoka hapo ukaingia benki, mkutanoni, kwenye kompyuta au kwenye chumba cha mitambo, litakuacha njiani. Ziko sentensi ambazo ukibadilisha neno moja kwa jingine zinageuka maana, ziko zinazogeuka matusi, na ziko ambazo Mwingereza atakuelewa vizuri tu, ila atajua papo hapo kwamba lugha hiyo umeikuta ukubwani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda aondoke na kitu mkononi: ukiwa na shaka, chukua close. Linaingia mahali pengi zaidi na halina makali. Shut lijifunze kwa kazi zake maalumu, ambazo si nyingi lakini hazikwepeki: kuzima mitambo, kukata maji au gesi, kumzuia mtu asiingie, na kile kishindo cha kitu kinachojifunga kwa nguvu.

Moja lina komeo ndani yake

Shut ni neno la Kiingereza chenyewe, la tangu kale. Katika Kiingereza Kikongwe lilikuwa scyttan, na maana yake haikuwa kufunga kwa jumla bali kusukuma komeo mpaka lizuie mlango. Sisi tungesema kukomea. Lina undugu na shoot, yaani kufyatua au kurusha, kwa kuwa komeo nalo hufyatuliwa likaingia kwenye tundu lake. Shutter, ule ubao wa kufunika dirisha, na baadaye kile kipande cha ndani ya kamera kinachofunguka na kujifunga kufumba na kufumbua, ni wa ukoo huohuo. Kwa hiyo shuti tunalopiga uwanjani na komeo la mlango vina babu mmoja, jambo ambalo halitakusaidia kwenye mtihani lakini linachekesha.

Close lilipita njia nyingine. Lilitoka Kilatini, kwenye kitenzi claudere, likaingia Kiingereza kupitia Kifaransa katika karne zilizofuata baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Ndugu zake ni include, exclude, conclude na clause. Angalia ukoo huo ulivyo: kujumuisha, kutojumuisha, kuhitimisha, kifungu cha maandishi. Ni maneno ya mezani, ya karatasi na hoja.

Asili ya neno si sheria ya matumizi yake, na Waingereza wenyewe hawaikumbuki wanapozungumza. Lakini hapa inasaidia kuliko kawaida, kwa sababu harufu ya mwanzo haijatoka. Shut bado linabeba wazo la kuzuia: kuna kitu sasa hakipiti. Close linabeba wazo la kufikisha mwisho: pande mbili zimekutana, shughuli imekamilika. Sehemu kubwa ya yanayofuata inatokana na hilo.

Mlangoni, yote mawili yanafaa, ila hayalingani

Mlango, dirisha, droo, sanduku, kitabu, macho na mdomo vinakubali yote mawili. "Close the door" na "Shut the door" ni sahihi zote. Tofauti iko kwenye mkono wa anayefunga. Mlango uliofungwa taratibu, mtoto asiamke, huo ni close. Mlango uliosukumwa ukalia, au uliofungwa ili kelele za nje zisiingie, huo unaelekea shut. Mgeni akikuomba kwa adabu atasema "Could you close the door, please?" Aliyechoshwa na baridi anayewaona watu wanapita na kuuacha wazi atasema "Shut the door!"

Macho yanaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Daktari wa macho, au kiongozi wa sala, atasema "Close your eyes." Mtu anayetaka kukushtukiza na zawadi naye anaweza kusema hivyohivyo. Lakini anayefumba macho kwa nguvu kwa sababu sindano inakuja, huyo "shut his eyes tight". Kwa maana ya kufumbia macho uovu, yote mawili yanaenda: "They closed their eyes to it" au "They shut their eyes to it", na la pili lina lawama kidogo zaidi.

Mdomoni ndipo pa kuangalia sana. Daktari wa meno akimaliza kukukagua atakwambia "You can close your mouth now," na hakuna aliyetukanwa. Ungesema "Shut your mouth" ungekuwa umetoa amri ya matusi, sawa na kumwambia mtu mzima "fyata ulimi". Kiungo ni kilekile na kitendo ni kilekile, ila neno moja limekutoa kwenye adabu.

Kitu kinachojifunga polepole, kwa hatua, kinapendelea close. Ua linalojikunja usiku ni "The flower closes at night." Jeraha linaloziba ni "The wound closed." Ukiweka shut hapo, msikilizaji ataona ua limebamizwa.

Upande wa pili, shut lina nafasi moja ambayo close huipata kwa nadra: kusimama baada ya kitenzi kingine kuonyesha matokeo. "The door slammed shut": mlango ulijibamiza. "The lid snapped shut": kifuniko kilijifunga kwa mlio mkali. "The box was nailed shut": sanduku lilipigiliwa misumari lisifunguke. "He pulled the gate shut": alilivuta geti likajifunga. Muundo huu sisi hatuna, ndiyo maana wanafunzi wengi hawautumii kabisa, na Kiingereza chao kinabaki na sentensi ndefu pale ambapo maneno mawili yangetosha. Ukijifunza jambo moja tu jipya kuhusu shut, chagua hili.

Kidole kilichobanwa na mlango, kwa Waingereza, nacho ni cha shut: "I shut my finger in the door."

Sarufi: lisilobadilika, na linalobadilika mahali usipotarajia

Shut ni katika kundi la put, cut, hit na let. Leo ni shut, jana ni shut, na baada ya have ni shut. Hakuna shutted. Likipokea -ing linaongeza t moja: shutting. Close linafuata njia kuu: closed, closed, closing.

Wepesi huo wa shut una gharama. "They shut at six" inaweza kuwa wanafunga saa kumi na mbili kila siku, au walifunga saa kumi na mbili jana. Ukiwa na mtu mmoja, herufi s inakuokoa: "She shuts" ni kawaida yake, "She shut" ni jana. Ukiwa na wengi, ni muktadha pekee utakaokusaidia. Barua ya kazi inayohitaji uhakika ni heri iandikwe close, maana "They closed at six" haina tafsiri mbili.

Sasa kuna kosa ambalo naliona kuliko mengine yote, hata kwa watu waliosoma sana. Ni "The office is close." Mwandishi anataka kusema ofisi imefungwa. Alichosema ni kwamba ofisi iko karibu. Close bila d, baada ya is, ni kivumishi cha ukaribu: "The office is close to the station." Imefungwa ni "closed". Msomaji wa tangazo lako anaweza kufunga safari kwa furaha kwamba si mbali, akifika akakuta kufuli.

Chanzo cha kosa hili ni open. "The office is open" haina ed, na ni sahihi, kwa sababu open hapo ni kivumishi chenyewe. Mtu anatarajia kinyume chake kifanane nacho, anaandika close. Au anasahihisha upande usio na kosa, anaandika "The office is opened", ambayo inaeleza tendo la kufunguliwa, si hali ya kuwa wazi. Kiingereza hapa hakina mpangilio: open bila ed, closed na ed. Ukitaka jozi inayofanana sura, ni open na shut: "The office is open", "The office is shut." Zote hazibadiliki. Hii ndiyo sehemu ambayo shut ni rahisi kuliko close, na mwanafunzi anayejikwaa kila mara kwenye d ile anaweza kuikimbilia kwa muda.

Asikimbilie mbali lakini, maana shut lina kizuizi chake. Halikai peke yake mbele ya nomino. Mlango uliofungwa ni "a closed door", kamwe si "a shut door". Macho yaliyofumbwa ni "closed eyes". Unaweza kusema "The door is shut" na "with her eyes shut", lakini ukilivuta shut mbele ya door au eyes, sikio la mwenyeji linakataa. Linakubali kidogo likiwa na neno la kulishika, kama "a half-shut door", mlango uliorudishwa nusu.

Kwa sababu hiyo, misemo yote yenye nomino mbele ilikwenda kwa closed. Kikao cha faragha ni "behind closed doors". Mtu asiyetaka kusikia hoja mpya ana "a closed mind". Swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana ni "a closed question". Hata kamera za CCTV, C mbili za mwanzo ni "closed-circuit": picha zinabaki ndani ya mzunguko wake, hazirushwi kwa umma.

Vitu visivyoshikika ni vya close

Hapa shut halina pa kusimama. Mkutano, mjadala, akaunti ya benki, jalada la kesi, zabuni, maombi ya kazi, barua, pengo kati ya wawili: vyote ni close. "Closing date" ni siku ya mwisho ya kupokea maombi. "Closing ceremony" ni sherehe ya kufunga mashindano. "Closing price" ni bei ya hisa soko linapofungwa. Kufunga akaunti ni "close an account". Kufunga mabano kwenye hesabu ni "close the brackets".

Kuna moja linalowapotosha watu kwenye biashara: "close a deal". Anayetafsiri neno kwa neno anadhani biashara imefungwa, yaani imekwisha, imekufa. Ni kinyume chake. Biashara imekamilika, wamekubaliana, kilichobaki ni kutekeleza. Ukipokea ujumbe "We closed the deal this morning", pongeza. Wazo la kuhitimisha ndilo linalofanya kazi hapo, kama ndoa inavyofungwa kwetu, ambapo kufunga ni kuanza. Wazo likikataliwa, hapo ndipo shut linapoingia, likiwa na mkia wake: "They shut down the idea", walilizima wazo.

Mwenyekiti wa mkutano naye anaweza kufanya mambo mawili tofauti kwa mjadala uleule. Akiwapa watu nafasi, muda ukaisha, akashukuru na kutangaza mwisho, "She closed the discussion." Akimkatiza aliyekuwa akisema na kukataa maswali, "She shut down the discussion." Ukiandika taarifa ya kikao, chagua kwa makini, kwa sababu la pili ni shutuma.

Kesi nayo ina msemo wa pekee: "an open-and-shut case", kesi iliyo wazi kiasi kwamba haina ubishi. Shut liko hapo mbele ya nomino kwa sababu limefungamana na open. Usilichomoe ukalitumia peke yake.

Vitenzi vyenye mkia

Shut lilipopoteza uwanja mmoja lilitawala mwingine: kuungana na vijineno kama down, off, out, up na in.

Shut down ni kuzima kitu kinachofanya kazi, hasa mtambo, kompyuta au taasisi. Kwenye kompyuta tofauti ni ya vitendo kabisa. Unafunga dirisha la programu, faili au kichupo: hiyo ni close. Unaizima mashine yenyewe: hiyo ni shut down. Kufunika laptopu ni "close the lid", na kwa mipangilio ya kawaida hakuizimi, kunailaza tu. Fundi akikwambia "Did you shut it down?" ukajibu ndiyo kwa sababu ulifunika kifuniko, hamjaelewana, na atahangaika na tatizo ambalo pengine lingekwisha kwa kuizima na kuiwasha.

Kutokana na kitenzi hicho likazaliwa neno shutdown, linaloandikwa pamoja. Serikali ya Marekani inapokosa bajeti iliyopitishwa, ofisi nyingi za serikali kuu husimamisha kazi, na hali hiyo huitwa "government shutdown". Ile iliyoanza Desemba 2018 ilidumu siku 35, hadi Januari 2019. Kuzimwa kwa intaneti ni "internet shutdown". Hakuna anayesema closing kwa hayo, kwa kuwa kilichotokea ni kusimamishwa, na kinatarajiwa kuwashwa tena. Biashara iliyofilisika na kufunga milango moja kwa moja inaweza kusemwa "closed down" au "shut down". Mimi naona closed down ndiyo inayotosha kwa duka lenye mwenye nalo aliyeamua kuacha, na shut down kwa lile lililofungiwa na mamlaka. "The inspectors shut it down": wakaguzi walilifungia. Kiswahili chetu tayari kinatenganisha kufunga na kufungia, na ukisikia kufungia kichwani, shut down ndilo neno lako.

Shut off ni kukata mkondo: maji, gesi, mafuta, umeme. Koki kuu ya kukatia maji ni "shut-off valve". Kama ni bomba la kunawia mikono tu, watasema turn off.

Shut out ni kumzuia mtu au kitu nje. "They shut him out of the talks" ni kwamba walimtenga asishiriki. Pazia zito "shuts out the light". Kinyume chake ni shut in, kuzuiwa ndani. Close out na close in zipo, ila zina maana nyingine: "The police closed in on him" ni kwamba polisi walimkaribia kutoka pande zote wakimzingira. Close hilo limesogea kwenye ukaribu, ni afadhali kulitazama kama neno la kuzingira.

Shut up watu wengi wanalijua kama "nyamaza" lenye ukali, na ni kweli. Si neno la kumwambia mkubwa wako, mteja, au mtu usiyemjua. Ukitaka utulivu sema "Could you keep it down, please?" au "Please be quiet." Marafiki wa Kimarekani hulitumia pia kwa mshangao, sauti ikipanda, kama tunavyosema "acha wewe!" Ukisimulia kwamba umeshinda kitu kikubwa na mtu akakujibu "Shut up!" huku anacheka, hajakunyamazisha, anataka uendelee. Usilijaribu mwenyewe mpaka umewasikia wenyewe mara nyingi.

Maana ya kale ya shut up haikuwa na uhusiano na mdomo. Ilikuwa kufungia mtu au kitu mahali. Wakati wa tauni kuu ya London mwaka 1665, nyumba iliyokutwa na mgonjwa "was shut up": wakazi wote, wagonjwa kwa wazima, walifungiwa ndani siku 40, mlango ukachorwa msalaba mwekundu na mlinzi akawekwa nje. Ukisoma maandishi ya zama hizo ukakutana na "shut up", usidhani kuna aliyeambiwa anyamaze. Maana hiyo bado iko hai kidogo Uingereza katika "shut up shop", kufunga duka kwa siku hiyo au moja kwa moja. Wamarekani husema "close up shop".

Kwa fundi umeme, kufunga ni kuwasha

Sehemu hii naiweka peke yake kwa sababu kosa lake linaweza kuua.

Kwenye maji, "closed valve" ni koki iliyofungwa, maji hayapiti. Kila mtu anaelewa. Kwenye umeme, "closed circuit" ni saketi iliyokamilika, ncha zimegusana, na umeme unapita. "Open circuit" ni saketi iliyokatika, na umeme haupiti. Kwa hiyo fundi akisema "Close the switch", anakuagiza uwashe. Akisema "The breaker is closed" (breaker ni swichi ya kukatia umeme), anakuonya kwamba waya zina umeme. Anayesoma mwongozo wa Kiingereza huku akitafsiri kichwani, akafika kwenye closed akasema "ah, imefungwa, ni salama," amejiweka mahali pabaya.

Inaeleweka ukirudi kwenye lile wazo la mwanzo. Close ni pande mbili kukutana. Koki ikikutana, inaziba njia. Waya zikikutana, zinaunda njia. Neno ni moja, matokeo ni mawili, kwa sababu maji hupita penye uwazi na umeme hupita penye mguso.

Shut halimo kabisa katika lugha ya saketi. Hakuna "shut circuit". Linatumika kwa "shut off the power" tu, na hapo maana haina utata: kata umeme. Anayeandika maelekezo kwa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza angefanya vizuri kuepuka closed na open, akaandika on na off.

Pale ambapo "funga" haimaanishi shut wala close

Nusu ya makosa hayatokani na kuchanganya maneno haya mawili, bali na ukarimu wa kitenzi chetu. Funga linafanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawa kwa watu kumi. Mlango ukifungwa kwa ufunguo ni lock. Ukikomewa ni bolt. Ukishindikwa tu bila kitasa kushika ni "push the door to". Kamba za viatu ni tie, mkanda wa kiti ni fasten, vifungo vya shati na zipu ni do up. Zawadi ni wrap, begi la safari ni pack, bahasha iliyogundishwa ni seal. Bao ni score. Saumu ni fast. Mtu akifungwa na mahakama ni jail au imprison, na hata "lock up" inatumika, ila si close wala shut. Mwenye tatizo la choo aliyejieleza kwa daktari kwa kutumia close ataeleweka baada ya muda na aibu isiyo ya lazima. Neno ni "constipated".

Bomba la maji, kama nilivyosema, ni turn off. Taa na televisheni nazo ni turn off au switch off, na hapo Kiswahili kinakusaidia, kwa sababu nasi hatusemi kufunga taa, tunazima. Ukiona unaweza kusema "zima", sahau close. Ubaki na turn off, au shut down kama ni mtambo au kompyuta.

Kuna na upande wa pili, ambapo Kiingereza kinatumia close nasi tunatumia kitenzi kingine. Macho tunafumba. Mwavuli tunakunja. Pengo tunaziba. Chungu tunafunika, ingawa hapo Kiingereza nacho kinahama kwenda "put the lid on". Hakuna njia ya mkato kwa haya. Ukitaka kuyakumbuka, jifunze kitenzi pamoja na kitu chake, usijifunze kitenzi peke yake: fasten your seat belt, tie your shoes, lock the car.

Ulimi

Close la kufunga linaishia kwa sauti ya z, "klouz". Close la karibu linaishia kwa s, "klous". Maandishi ni yaleyale. Clothes, yaani nguo, hutamkwa na wengi sawasawa na close la kufunga, kwa hiyo usisumbuke kung'ang'ania ile th.

Shut linatamkwa kwa a fupi, kama mwanzo wa "shati", kisha unakata kwenye t bila kuongeza irabu. Ukilitamka kwa u iliyovutwa linakuwa shoot, na "Shoot the door" ni amri nyingine kabisa. Ukilitamka kwa i, linakuwa tusi la chooni. Asiye na uhakika wa irabu yake, mbele za watu, aseme close.

Wamarekani, Waingereza na vichwa vya habari

Waingereza wana mazoea zaidi na shut kwa saa za kazi: "What time do you shut?" Mmarekani kwa kawaida atauliza "What time do you close?" Maandishi rasmi ya pande zote yanachagua close. Kibao cha mlangoni kimeandikwa CLOSED, na cha barabarani ROAD CLOSED. Kwenye tangazo, mkataba, ratiba au barua ya ofisi, fanya hivyohivyo.

Magazeti ndiyo yanayoenda kinyume, kwa sababu isiyo ya kimaana: shut lina herufi nne na closed lina sita, na mwenye kupanga kichwa cha habari anahesabu nafasi. Ndiyo maana utakuta "Schools shut" kwa herufi kubwa, kisha habari yenyewe chini ikasema "closed" kutoka mwanzo hadi mwisho. Kichwa kama hicho hakikwambii kama shule zimefungwa, zilifungwa au zinafungwa leo. Shuka kwenye aya ya kwanza, closed ina wakati wake.